Kupumzika karibu na nyumba wakati wa ugonjwa



Sisi wote tunakumbuka mwaka 2020. Tarehe 10 ya mwezi wa tatu, mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa katika inchi yetu. Tarehe 23 na 24, watu wa Lubumbashi na wa Haut-Katanga yote walibaki nyumbani saa 48 kwa agizo la gavana. Tarehe 24 ile Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine. Makanisa nayo yalikaa bila ibada mpaka katikati ya mwezi wa nane.

Basi, wakati wa konje ulipofika, wale waliozoea kwenda kwa ndugu zao Likasi ao Kolwezi, ao kuvuka Kasumbalesa, walijiuliza: tutapumzika wapi? Jamaa zingine zilisema: mwaka huu tunapumzika hapahapa katika lupango letu. Majirani wengine walicheka: konje gani ya kukaa nyumbani? Na wengine walikasirika: watu wanaugua, ninyi mnawaza kupumzika?

Maswali haya mawili yanastahili jibu. Je, ni haki kupumzika wakati jirani anateseka? Na mapumziko ya kweli ni nini?

Kwanza, tujue kwamba pumziko halipimwi kwa urefu wa safari. Katika Kutoka 16:29 Waisraeli waliagizwa kubaki kila mtu mahali pake siku ya saba. Kitabu cha Matendo 1:12 kinataja mwendo wa siku ya sabato, kutoka mlima wa Mizeituni mpaka Yerusalema. Walimu wa Wayahudi waliuhesabu kuwa mikono 2000, ndiyo karibu kilomita 1. Watu wa zamani walipumzika mahali miguu yao ilipoweza kufika bila kuchoka. Mtu anaweza kusafiri mbali na kurudi na mizigo yote ya moyo aliyoondoka nayo.

Pili, ugonjwa hutembea kwa miguu ya watu. Mafua makubwa ya mwaka 1918 yaliingia Kongo kwa njia za wasafiri, kwa bandari na kwa reli. Na Korona ilikuwa na ujanja zaidi: mtu aliweza kuibeba bila homa, bila kikohozi, akaenda kumkumbatia nkambo wake mzee. Nkambo alingojea wajukuu, naye alihuzunika walipokosa kufika. Huzuni hiyo hatuidharau. Lakini kukosa kumwona mwaka mmoja kwa kumlinda, huo pia ni upendo.

Tatu, na hapa tusikilizane vizuri sisi wababa: nani anapumzika katika nyumba? Baba akikaa nyumbani na watoto wote wapo, mama anateka maji mara nyingi zaidi, anasonga bukari mara nyingi zaidi, na jioni mgongo unamwuma kuliko siku za kazi. Hayo si mapumziko ya jamaa, ni mapumziko ya mtu mmoja juu ya mgongo wa mwingine. Kumbukumbu la Torati 5:14 linaagiza mtumishi wa kiume na wa kike wapumzike kama bwana wao. Kama mtumishi ana haki hiyo, je, mama wa nyumba? Baba ateke maji. Vijana wafagie na kuosha vyombo. Mama aote jua la asubuhi katika baridi ya mwezi wa saba, na mtu asimwite kwa saa moja.

Inne, tusiwasahau wale wanaokula kwa kazi ya kila siku. Waisraeli waliweza kupumzika siku ya saba kwa sababu siku ya sita waliokota mana ya siku mbili. Anayeuza mikate kando ya njia hana mana ya kesho. Kwake neno « kaa nyumbani » lilikuwa neno la njaa. Basi anayeweza kupumzika ana deni kwa asiyeweza. Pesa ya safari isiyofanyika, sehemu yake inunue unga kwa mjane wa avenue yetu.

Sasa, je, ni dhambi kupumzika wakati wengine wanaugua? Katika Marko 6:31 Yesu aliwaita wanafunzi waliochoka wapumzike kando, ingawa watu wengi walikuwa wakija na kwenda. Wagonjwa walikuwapo. Lakini makutano walipowafuata, aliwahurumia, hakuwafukuza. Mtu aliyechoka sana hawezi kumhudumia mgonjwa vizuri, kwa hiyo apumzike. Lakini mlango wake usifungwe kwa moyo: jirani akiita kwa mbali kwamba hana maji ao dawa, tuamke, tupeleke mpaka mlangoni pake.

Tarehe 5 mwezi wa tano 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwisho wa dharura ya Korona. Lakini tarehe 14 mwezi wa nane 2024 lilitangaza dharura nyingine juu ya mpox, na Kongo yetu iliguswa kuliko inchi zingine. Magonjwa yanaweza kurudi, na swali hili litarudi pamoja nayo. Tuzungumze juu yake sasa katika jamaa zetu: siku hiyo ikifika, nani atateka maji, nani atapumzika kwanza, na nani nje ya lupango letu anatungojea.

Bwana awape waliochoka pumziko, na wenye nguvu moyo wa kubeba. Amina.