Deni Lisilolipwa kwa Makofi

Jengo la Bunge la Rwanda pale Kimihurura, Kigali, bado lina matundu ya risasi na makombora. Yameachwa makusudi yasizibwe. Wapiganaji 600 wa RPF, kundi la waasi lililokuwa likipigana na serikali, waliingia humo Desemba 1993, kufuatia Mkataba wa Amani wa Arusha, na Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza wakajikuta wamezingirwa. Tundu la ukutani unaweza kuliacha likawa historia. La mwilini halikubali. Linadai dawa, kiungo bandia, nyumba isiyo na ngazi, na mtu wa kukuogesha, mwaka baada ya mwaka.

Januari 2007 Rwanda ilitunga sheria mahususi ya kuwalinda wapiganaji wa zamani waliopata ulemavu vitani. Wengi huitazama sheria ya namna hii kama ahsante ya taifa. Mimi sioni hivyo. Shukrani ni jambo la moyo, na moyo huchoka. Kila tarehe 4 Julai, Siku ya Ukombozi, mashujaa husifiwa, na wanastahili kabisa: dunia ilipokuwa ikiondoa askari wake, vijana hao walisonga mbele wakayakomesha mauaji. Ila aliyekatwa mguu ataamka pia tarehe 5 Julai. Sheria imewekwa kwa ajili ya siku hiyo ya pili, ambayo hakuna anayempigia makofi.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Tume iliyoundwa mwaka 1997 kuwarejesha wapiganaji uraiani haikuwahudumia washindi peke yao. Iliwapokea pia askari wa jeshi la serikali lililoshindwa, na baadaye wapiganaji waliotoka katika misitu ya Kongo, wakapitia kambi ya Mutobo kule Musanze. Kama msingi ungekuwa shukrani, hilo lisingewezekana. Nani angemwambia aliyenusurika mauaji ya kimbari amshukuru askari wa jeshi lile? Nadhani hapa ndipo maana inapojitenga sehemu mbili. Heshima hutolewa kwa kutazama ulichokipigania. Matibabu hutolewa kwa kutazama ulichopungukiwa. Ukivichanganya viwili hivyo, ama utamvika nishani asiyestahili, ama utamnyima dawa binadamu anayeoza kidonda. Tena kurejeshwa uraiani hakukufuta kosa la mauaji ya kimbari; mahakama zilibaki palepale.

Najua mfano wa haki iliyochelewa, na unatuhusu, maana Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa Kiafrika waliopigana chini ya Wajerumani hadi 1918. Wazee wakajitokeza Mwanza, Tanzania, wengi bila cheti chochote. Inasimuliwa kwamba mlipaji alimpa kila mmoja ufagio, akampigia amri za gwaride kwa Kijerumani, na wote wakazitekeleza bila kukosea. Hadithi hii husimuliwa kwa kicheko. Mimi inaniuma. Mtu amesubiri zaidi ya miaka 40, na bado anatakiwa kutii amri upya ndipo aaminiwe kuwa anadai chake.

Ushahidi ndio mlango wa kila sheria ya aina hii. Ulemavu hupangwa kwa madaraja, na daktari huona upesi mguu usiokuwepo. Lakini mwanamke aliyeingia vitani akiwa na miaka 20, ambaye sasa amepita 50 na kila radi inapopiga huamka akitafuta bunduki, ataonyesha nini mbele ya jopo? Hana kovu wala mkongojo. Majirani wanamwona mzima, pengine mkali tu. Sheria inayomjali itamtuma mtu amfuate nyumbani, akae naye, amsikilize mara nyingi kabla ya kuandika chochote kwenye fomu. Kazi hiyo ni ghali na ya polepole, na ningependa ifanywe sasa, kabla hajafikia umri wa wale wazee wa Mwanza.