Usiongeze, Usipunguze

Mwanangu,

Mama yako alinipigia simu Jumapili, akasema umeamua kusomea sheria na insha ya maombi umekwisha kuiandika, unataka tu mtu akipitie Kiingereza chake. Nimeisoma mara tatu. Kiingereza hakina neno. Wewe umesoma huku Marekani tangu darasa la nne, mimi nimejifunzia ukubwani. Shida yangu ni moja: nimekutafuta humo ndani, sikukuona.

Kazi niliyoifanya hapa Columbus, Ohio, mpaka nikastaafu unaijua, kukaa kati ya hakimu na mtu asiyejua Kiingereza. Mkalimani wa mahakama huapa kwanza: atatafsiri yote, kwa usahihi, asiongeze wala asipunguze. Shahidi akitukana, nawe unatukana. Akijikanyaga, unajikanyaga naye. Miaka ya mwanzo iliniuma sana. Namwona mama wa watu anavyojieleza ovyo, neno la kumwokoa ninalo mdomoni, na siruhusiwi kulitoa. Baadaye nilielewa kwamba hakimu aliyezoea kazi hupima watu kwa vile vijipande vilivyopinda. Maneno yaliyonyooka mno humtia shaka. Nadhani wanaosoma maombi ya shule za sheria wana jicho hilohilo, maana wanasoma maelfu.

Sasa tazama ulichoongeza. Umeandika kwamba tangu utotoni ulipenda haki. Nani aliyepata kupenda dhuluma? Kisha umekipaka kijiji cha bibi yako, kule Tanga, umaskini ambao mwenyewe angeukana mbele ya kadhi. Bibi yako ana nyumba ya bati, minazi yake, na televisheni kubwa kuliko yangu. Najua kilichokusukuma. Huku wanapenda kusikia tumetoka kwenye shimo, na aliyekuambia uandike hivyo huenda alikutakia mema. Lakini usiuze msiba usio wako. Na wenye misiba ya kweli, wale vijana wa Kongo niliowatafsiria, niliwaambia hivihivi: msiba peke yake si hoja. Hoja ni ulichofanya kesho yake asubuhi.

Rangi yako nayo, na bara tulilotoka, usiviweke pale vikae tu ukidhani vitakusemea. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kumpa mtu nafasi kwa sababu ya asili yake. Hukumu hiyohiyo ikaacha mlango: mwombaji anaweza kueleza jinsi asili yake ilivyogusa maisha yake, alimradi aonyeshe amejifunza nini au amejijenga vipi. Kwa hiyo tukio ndilo linalosema.

Na ulichopunguza kimenishangaza zaidi. Dhamana ya nyumba iko wapi?

Ulikuwa na miaka 15. Mlihama ile nyumba ya ghorofa ya pili, mwenye nyumba akagoma kurudisha dhamana, akisingizia zulia. Mama yako akasema tumwachie Mungu. Wewe ukauchukua mkataba ukausoma ukurasa kwa ukurasa, ukaenda maktaba, ukakuta sheria ya Ohio inampa mwenye nyumba siku 30 arudishe pesa au aandike, moja baada ya jingine, anachokata na kwa nini. Ukagundua pia jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: akikushikia pesa bila haki unaweza kumdai mara mbili ya hicho alichokuzuilia, ila sharti uwe umempa anwani yako mpya kwa maandishi. Mama yako alikuwa ameisema kwa mdomo, mlangoni, huku amebeba godoro. Haki mlikuwa nayo na karatasi hamkuwa nayo. Ukaandika barua yenye anwani, ukaipeleka posta mwenyewe.

Mwanangu, hiyo ndiyo insha. Kurasa mbili, mistari ikiachana, ndicho kiasi ambacho shule nyingi hutaka, na kisa hiki kinaenea bila kukibana. Zulia liandike. Usisahau kwamba ulikasirika kwa sababu sheria ilikuwa upande wenu na bado ikadai kitu ambacho mtu kama mama yako hawezi kukijua. Usimalizie kwa kusema ndipo ulipoamua kuwa wakili. Hukuamua siku ile, siku ile ulirudi ukala chipsi.

Mengine nitayapita upesi, ila LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria, siwezi. Mtihani huu huhesabiwa kuanzia 120 mpaka 180, na unautazama kama unavyotazamwa mzimu. Una sehemu nne, kila moja dakika 35. Mbili ni za kupima hoja, moja ni ufahamu, yaani kusoma habari na kujibu maswali kama tulivyofanya shule ya msingi, na moja ni ya majaribio isiyohesabiwa, lakini hutajua ni ipi, kwa hiyo zote utazifanya kwa jasho. Ile ya mafumbo ya kupanga watu kwenye viti imeondolewa tangu Agosti 2024. Kisa chake ni kesi: mtu asiyeona alilalamika kwamba sehemu ile huwalazimu watu kuchora michoro asiyoweza kuichora, na mwaka 2019 wakapatana. Basi usiuziwe vitabu vya mtumba vilivyojaa mafumbo yale.

Hizo hoja ni za namna hii: kila aliyechelewa alifukuzwa, Juma alifukuzwa, kwa hiyo Juma alichelewa. Nusu ya ukoo wetu wangekubali, na baba yako angeongeza kwamba Juma anamjua, ni mchelewaji kweli. Lakini Juma huenda alifukuzwa kwa wizi. Mtihani unataka kujua kama umesikia “kila” imekaa wapi. Ni kazi ya sikio, kama ile ya kwangu. Shahidi akisema saa mbili usiku, mkalimani mchovu akatafsiri “two”, ushahidi umekwisha kupinda, maana saa hiyo kwa Kiingereza ni “eight”. Mtu anaonekana mwongo kwa sababu ya saa.

Jipe miezi, si wiki. Mitihani ya zamani mingine inapatikana bure kwa wenye mtihani wenyewe, LSAC, katika programu yao ya LawHub. Keti na saa mezani, na ukikosa swali, andika ni nini kilichokudanganya. Usiache swali hata moja wazi, kwa kuwa jibu baya halikatwi alama. Unaruhusiwa kurudia, mara tano katika miaka mitano na saba maishani, lakini shule zitaziona alama zako za miaka hiyo, kwa hiyo usiende kuonja. Na kama ada itakulemea, LSAC ina msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo. Omba mapema, wala usione haya.

Transkripti zote hupitia hukohuko LSAC, hata ya lile somo moja ulilochukua chuo cha jirani wakati wa kiangazi. Kemia uliyorudia wataihesabu mara zote mbili, hata kama chuo chako hakiihesabu tena ile ya kwanza, ilimradi alama yake ingali kwenye transkripti. Kwa muhula ule mama yako alipolazwa, andika maelezo mafupi pembeni: nini kilitokea, lini, alama zikarudi lini. Nusu ukurasa. Usilie humo.

Barua za mapendekezo. Baba yako anataka ile ya mheshimiwa, kwa kuwa alikuja kwenye harusi ya kaka yako akakaa meza ya mbele. Mwambie shangazi amekataa. Mheshimiwa ataandika kwamba unatoka familia njema. Nenda kwa yule mwalimu wa historia aliyekupa B kwenye karatasi ya kwanza akakufanya uiandike upya. Anajua unavyofikiri unapokosolewa. Mwendee miezi miwili kabla, mpelekee karatasi ile yenye wino wake mwekundu.

Sasa jambo ambalo kosa lake ni langu. Fomu za shule zitakuuliza kama umewahi kushitakiwa, kukamatwa au kuadhibiwa na chuo. Miaka mingi nyuma kijana mmoja wa marafiki zetu alinijia na swali hilo. Alikuwa ameandikiwa onyo kwa kukutwa na bia bwenini kabla ya umri. Nikamwambia, mwanangu, hilo ni dogo, liache. Mimi, niliyekula kiapo cha kutopunguza! Akaliacha. Akasoma miaka mitatu, akafaulu mtihani wa uwakili, na wanaotoa leseni wakaweka fomu mbili meza moja: ya shule haina bia, ya leseni inayo. Hawakumuuliza hata chembe kuhusu bia. Walimuuliza kwa nini alificha. Leseni ikakawia miezi tisa, kazi aliyoahidiwa ikapewa mwingine. Alinisamehe, anasema. Wewe ile tikiti ya kuendesha gari kasi, kama fomu inauliza, iandike. Kama swali limeyatoa makosa ya barabarani, usiiandike. Soma swali lenyewe.

Kuhusu wakati: shule nyingi hufungua maombi karibu na Septemba, na hujibu kadiri mafaili yanavyofika. Anayengoja Februari anagombea viti vilivyobaki. Novemba uwe umemaliza.

Usichague shule kwa jina la kutajwa kwenye maulidi. Kila shule iliyoidhinishwa na ABA, chama cha wanasheria wa Marekani, hulazimika kutangaza kila mwaka alama za wanaochukuliwa, wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa ufadhili, wangapi wanafaulu mtihani wa uwakili. Soma hapo kwenye ufadhili wa masharti kwa makini. Kuna unaokuambia uwe juu ya alama fulani mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza wa sheria wanafunzi hupimwa wao kwa wao, kwa hiyo lazima wengine wabaki chini. Iulize kila shule moja kwa moja. Na mikopo ya serikali imebadilika: kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, kikomo cha sheria ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shule inayozidi hapo, pengo utaliziba kwa mkopo wa benki, na benki haina shangazi.

Tuma rasimu ya pili mwisho wa mwezi. Kabla hujaanza, mwombe mama yako akupe ile barua ya dhamana. Nakala anayo, iko kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi zenu za chanjo. Alinionyesha siku moja baada ya Idi. Uliiandika kwa kalamu ya kijani, ukapigia mstari neno “siku” mara mbili.

Shangazi yako