Amani Aliyopewa Mkimbizi

Huko Kibondo, mbali na pwani, pana mahali paitwapo Nduta, ambapo mwaka 2015 kambi ilifunguliwa tena kwa Warundi waliokimbia fitina ya kwao. Serikali ya Tanzania ilikwisha kuingia tangu 1964 katika mkataba wa Geneva wa 1951, ambao wakataza mkimbizi kurudishwa penye khatari.

Mwaka 2018 serikali ilijitoa katika mpango mwengine wa Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi, ikataja usalama na upungufu wa fedha za wafadhili. Dai hilo lina haki ndani yake, kwani mzigo ulikuwa mzito na matajiri walitoa kidogo. Na mpango ule ulikuwa wa hiari. Ajitoaye kwa dhahiri hakufanya khiana.

Lakini Agosti 2019 ilipatana na Burundi kuwarudisha Warundi wote kuanzia Oktoba, na hali mkataba wa 1951 ungali shingoni mwake. Je, ubakhili wa tajiri humvua mtu ahadi aliyompa mnyonge? La. Amani ni haki ya aliyepewa. Hata mshirikina, katika Sura ya Tawba, akiomba himaya hupewa, kisha hufikishwa mahali pake pa salama.

Huenda mtu akaleta hoja ya Hudaibiya, ambapo Abu Jandal alirudishwa kwa Makureshi na minyororo yake. Hoja hiyo humgeukia mwenyewe: Abu Jandal alirudishwa kwa kuwa mkataba ulisema arudishwe, na huu wa Geneva wasema asirudishwe.