Umbali Hupimwa kwa Marejeo

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Maskati ni takriban kilomita 3,900 kwa njia ya anga. Ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa tano na ushei. Saa za Oman ziko mbele ya zetu kwa saa moja, hivyo anayeondoka Unguja saa nne asubuhi hukuta saa ya Maskati imeshavuka kumi alasiri. Hesabu hizi ni za kweli. Lakini je, ni mbali?

Wazee wetu walilijibu swali hilo kwa pepo za msimu. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mnamo Desemba, majahazi yalishuka kutoka Oman na tende, chumvi na papa mkavu. Safari ilikula wiki tatu, nne, hata zaidi. Nahodha alingoja kusi, kiasi cha mwezi wa nne, ndipo akatweka tanga na kurudi na boriti za mikoko na karafuu. Bahari ilikuwa na hatari zake, ila upepo uliomleta mtu ulikuwa na mwenzake wa kumrudisha. Mke aliyebaki Sur, Oman, aliujua msimu wa kumtazamia mumewe, na kungoja kwenye tarajio huvumilika.

Majahazi hayohayo yalibeba watumwa. Bahari ileile, upepo uleule, lakini kwa mtu aliyetekwa kando ya Ziwa Nyasa akavushwa hadi Oman, hakukuwa na kaskazi ya kumrejesha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Waliokwisha kuvushwa walibaki huko walikopelekwa. Kisha mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, wako waliokimbilia Oman wakaziacha nyumba zao, na wengine wamezikwa huko wakiwa bado wanaota kwa Kiswahili. Kilomita hazikuongezeka hata moja.

Kwangu mimi, basi, umbali ni uwezo wa mtu kurudi anapotaka. Mfanyabiashara wa leo hunywa chai ya asubuhi Darajani, Unguja, na usiku akala Ruwi, Maskati. Kwake Maskati ni jirani. Katika ndege hiyohiyo, safu chache nyuma yake, ameketi binti anayekwenda kufanya kazi za ndani. Amepakata mkoba, karatasi ya mkataba wa miaka miwili ameikunja mara nne, na anamtazama wa pembeni ajue mkanda unafungwaje. Watatua pamoja. Lakini mwajiri akimnyang'anya pasipoti, kama wanavyofanya baadhi yao, mama yake akifariki huku nyumbani atazikwa bila yeye, na zile saa tano hazitamsaidia kitu.

Sisi tunaowasindikiza vijana uwanjani tuna wajibu. Kabla ya kuuliza ndege inachukua saa ngapi, tuulize: pasipoti atakaa nayo nani? Nauli ya kurudi iko mikononi mwa nani? Akidhulumiwa, atampigia nani simu, na huyo ataweza kumfikia? Binti ambaye maswali haya hayajapata majibu, tusimpandishe ndege.