Rakaa ya Tatu au ya Nne?

Jana adhuhuri, nikiwa kwenye mswala nyuma ya cherehani yangu, nilijikuta sijui niko rakaa ya tatu au ya nne. Ulimi ulisoma Alhamdu bila kukosea, mgongo uliinama, paji likagusa chini. Mwenyewe nilikuwa nakata kanzu ya mteja wa Ijumaa.

Nikafanya kama tulivyofundishwa chuoni sisi Mashafii: nikashika yakini, yaani tatu, nikaongeza moja, nikasujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu.

Swali likabaki. Aliyekuwa akisoma ni nani, na aliyeshtuka ni nani? Miguu yangu hukanyaga cherehani bila kuamrishwa. Mazoea hayamsubiri mwenyewe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihyaa kwamba roho ya sala ni kuhudhuria kwa moyo. Nami naona kule kushtuka ndiko moyo kurudi nyumbani. Aliyepotea hasa ni yule asiyejua kuwa amesahau.

Basi ukishtuka katikati ya sala, au hata ya chakula, usijilaumu sana. Umesharudi; tulia hapo.