Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kumfukuza mtu kwa adabu. Marehemu bibi yangu, aliyelima Msamala, hapa Songea, kabla nyumba za bati hazijameza shamba lake, aliichukia tafsiri hiyo. Mgeni asiyepewa jembe, alikuwa akisema, bado yuko barazani hata kama analala chumbani.

Nilikuja kumwelewa kwa kijana wa nyumba ya nyuma. Alirukwa na akili akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema bangi. Alifungwa kamba stoo, kwenye magunia ya mbolea, mpaka ndugu walipochanga nauli wakampeleka hospitali. Alirudi ametulia. Hapo wote tukadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Mwaka mzima alikaa ukutani kwenye mkeka. Chakula aliletewa, salamu alipewa kwa mbali, na kila alipotaka kushika kitu mtu alisema, "Mwacheni, huyo ni mgonjwa."

Siku moja msimu wa mavuno bibi alimwita: "Mjukuu wangu, njoo unipukuchulie mahindi." Akamwekea nusu debe tu. Mikono ilimtetemeka kwa sababu ya sindano ya kila mwezi, punje zikaruka, kuku wakashiba. Mama yake alikuja mbio kuomba radhi. Bibi hakumnyang'anya gunzi. Jioni akampimia sado moja ya mahindi, ujira uleule aliowapa vibarua wengine. Siku ya tatu alikuja bila kuitwa.

Naitaja ile sado makusudi. Kumtumikisha mgonjwa bure halafu ukaiita tiba ni dhuluma, na nimeiona ikifanywa na watu wenye tasbihi shingoni.

Si bibi peke yake aliyejua kwamba kazi humrudisha mgonjwa kwa watu. Lutindi, kule milimani Korogwe, kituo kilichoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani kiligeuka hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo shamba na karakana ni sehemu ya matibabu. Miaka ya Ujamaa serikali nayo ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili. Vikuruti, pembeni mwa Dar es Salaam, ni kimojawapo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ipo. Lakini kutoka Songea hadi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, ni zaidi ya kilomita 700. Mtu akitoka huko, ni uga wa jirani utakaomrudisha duniani au utakaomrudisha wodini.

Jembe halichukui nafasi ya dawa. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimkumbusha tarehe ya kliniki, na siku moja alimkaripia kweli kwa kuiruka. Jibu la kijana lilitunyamazisha wote: "Bibi, ile dawa inaleta njaa, na nyumbani hakuna kitu." Dawa nyingi za aina hiyo huongeza hamu ya kula, na anayezitumia kwenye nyumba inayokula mlo mmoja huchagua lipi limuume, njaa au ugonjwa. Daktari humwandikia dawa. Ugali hauandikwi kwenye karatasi. Tangu hapo kila siku ya kliniki ulipikwa ugali wa mtu mmoja zaidi kwa bibi. Mradi wenyewe haukuwa na zaidi ya hapo: kazi ya kukadiriwa, ujira, tarehe ya kliniki na sahani.

Kijana aliugua tena mara mbili. Mara zote alipopata nafuu alikuta gunzi lake linamsubiri.

Bibi alipofariki, vijana wa mtaa walikwenda kuchimba kaburi. Naye akaja, amevaa shati lake la kliniki, akachukua jembe na kuingia shimoni. Mjomba wangu mmoja, mgeni kutoka mjini, akanyoosha mkono amtoe. Mzee aliyekuwa ameshika kamba ya kupimia hata hakugeuka.

"Mwacheni," alisema. "Achimbe."