Fundi, Mwambie Alete

Fundi, weka spana chini kidogo. Nina habari ya samadi.

Mwaka 1956 kulikuwa na mfugaji wa batamzinga karibu na Rothsay, mji mdogo wa magharibi ya jimbo la Minnesota, Marekani. Huko ni kwenye tambarare za ngano, ambako mtu akisimama mlangoni kwake anaiona mvua ikimnyeshea jirani. Mfugaji huyo aliitwa Eddie Velo. Banda lake lilikuwa la ghorofa, limejaa nguzo, na sakafu ya juu isingebeba uzito wa trekta. Kwa hiyo samadi ilizolewa kwa sepetu na migongo ya watu. Aliyewahi kusafisha banda la kuku anajua harufu ile inavyomfuata mtu hadi kitandani, na batamzinga mmoja ni kuku wangapi?

Velo akapeleka shida yake kwa mafundi wa mjini, ndugu wawili, Cyril na Louis Keller. Walikuwa watoto wa shamba, umri miaka thelathini na kitu, na karakana yao ilikuwa ya kuchomelea na kutengeneza chochote kilichovunjika shambani. Akawaomba mashine nyepesi itakayopanda ghorofani na ndogo itakayozunguka nguzo.

Sasa jipime. Angekuja kwako ungemjibu nini? Nimekaa kwenye gereji nyingi nikisubiri gari langu, na majibu nayajua. "Hiyo haipo, mzee." "Hiyo mpaka uagize nje." Na lile la wote: "Njoo kesho." Mteja akiondoka, fundi anarudi kwenye redio akilalamika kwamba biashara ni ngumu. Biashara imetoka mlangoni sasa hivi, imevaa mabuti yenye samadi!

Ndugu Keller hawakusema njoo kesho. Baridi ile nzima walikata na kuchomelea, na mwezi wa pili mwaka 1957 wakampelekea Velo kitu ambacho hakikuwa na jina: kigari cha magurudumu matatu, mawili ya kusukuma mbele na moja dogo nyuma linalojigeukia lenyewe kama la toroli ya sokoni, na ndoo ya kuzolea mbele. Kiligeuka papo hapo kiliposimama. Ukitaka kuelewa kiligeukaje, mkumbuke mpiga makasia: kasia la kulia akilivuta mbele na la kushoto akilirudisha nyuma, mtumbwi unazunguka mahali pake. Kigari nacho kilikuwa hivyo, gurudumu la upande mmoja likienda, la pili likirudi.

Na kilisumbua. Mwanzoni nguvu ya injini ilipelekwa kwa mikanda na puli, na mikanda haikuhimili kazi ile. Hapa ndipo wengi wetu tungemlaumu mteja kwamba anaijaza ndoo kupita kiasi. Wao wakarudi mezani, wakaitupa mikanda, wakaunda giaboksi ya klachi, dereva awe na wenzo wa kila upande, akiusukuma gurudumu linaenda mbele na akiuvuta linarudi nyuma. Giaboksi hiyo wakaisajili kwa hataza. Ukiniuliza mimi, uvumbuzi wenyewe ulikuwa huo, na ulizaliwa na mashine iliyorudi gerejini ikiwa na malalamiko. Kwa hiyo mteja akirudisha kazi, usikunje uso. Mpe kigoda, umsikilize hadi mwisho.

Wakaunda nyingine chache za kuuza. Mjomba wao, aliyekuwa akiuza zana za kilimo za kampuni ya Melroe, akawasemea kwa kampuni hiyo, na mwaka 1958 mashine ikapelekwa kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota. Watu wakaizunguka. Akina Melroe wakawachukua ndugu hao na mashine yao hadi kiwandani Gwinner, North Dakota, mji mwingine mdogo tu wa tambarare.

Usidhani baada ya hapo njia ilinyooka. Mwaka 1960 walitoa mashine ya kwanza ya magurudumu manne, nayo ikawa mkaidi wa kugeuka. Sababu ilikuwa uzito. Ukigawanywa sawasawa mbele na nyuma, magurudumu yote yanang'ang'ania ardhi na hakuna lililo tayari kuteleza ili mashine igeuke. Wakahamishia uzito mwingi nyuma, kiasi cha asilimia 70 ndoo ikiwa tupu, na ule ukaidi ukaisha. Mwaka 1962 mashine ikapewa jina la paka-mwitu mdogo wa Amerika Kaskazini, Bobcat. Jina hilo huenda ulikwisha kulisikia, maana leo vigari vya aina hiyo vinazoa mchanga na kifusi kwenye majengo duniani kote.

Mwaka 2014 kampuni ilitoa mashine ya milioni moja. Cyril alikuwepo bado, mzee wa miaka zaidi ya 90. Mdogo wake Louis alikuwa amefariki mwaka 2010. Cyril naye akaondoka mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 98. Majina yao yakaingizwa katika jumba la heshima la wavumbuzi la Marekani mwaka 2023, na hakuna kati yao aliyekuwepo kupiga makofi. Rothsay yenyewe, ukipita kwa gari, kinachokukaribisha ni sanamu kubwa la zege la ndege wa nyika, ndugu yake kwale. Heshima ina foleni yake. Ukiisubiri ndipo uanze kazi, utazeeka benchini.

Utaniambia Marekani ni Marekani. Sawa, chuma kilikuwepo na barabara zilikuwepo, sikatai. Lakini mji wao ulikuwa wa watu mia chache, karakana yao ilikuwa ya ndugu wawili, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuzoa kinyesi. Wewe una welda, una grenda, una rundo la chuma chakavu nyuma ya gereji ambalo mkeo amekwisha kukuambia ulitoe. Na wateja unao wenye shida ambazo hazijaundiwa mashine: mama anayemenya mihogo kwa kisu tangu alfajiri, mzee ambaye pampu yake haifiki kwenye shamba la mlimani, kijana anayesukuma mkokoteni wa maji ukamshinda kwenye mteremko kwa kukosa breki.

Mmoja wao alifika kwako juzi, na unamkumbuka. Ulimwambia haiwezekani, akakushukuru, akaenda zake. Namba yake ipo kwenye simu yako. Mpigie sasa hivi, kabla hujaishika spana tena. Mwambie alete.